Kode iko wapi? Maneno yetu kwa vijana wa Simi-Simi juu ya biblioteki na intaneti



Wamoja wametuuliza: kwa nini leo munasema juu ya biblioteki? Barabara ni mbaya, kuran inakatika, kazi hakuna, na ninyi munatuletea mambo ya vitabu? Swali ni la haki. Sisi wenyewe tunaosema hapa tuko na diploma ndani ya bahasha na hatuna kazi. Tunajua njaa ya kazi iko namna gani. Na ni juu ya ile njaa tunaleta hii habari. Kuko mali moja ambayo nchi yetu imepewa bure, vijana wengi hawajui kama iko, na mara nyingi inabaki imefungwa juu ya kitu kidogo sana: mtu mwenye kushika ufunguo hakufundishwa kuufungulia mlango.

Tueleze vizuri.

Mwaka 2002 Shirika la Afya la Dunia, ile OMS, ilipatana na kampuni kubwa zinazochapa majarida ya sayansi. Wakaanzisha mpango unaoitwa HINARI, ili nchi maskini zisome majarida ya udaktari bure ama kwa bei ndogo. Mwaka 2003 FAO ikaleta AGORA kwa mambo ya kilimo na chakula. Mwaka 2006 ikaja OARE kwa mazingira, mwaka 2009 ARDI kwa teknolojia, na mwaka 2018 GOALI kwa mambo ya sheria. Yote tano iko pamoja chini ya jina moja: Research4Life. Kongo yetu iko katika lile kundi la nchi zisizolipa hata franga moja.

Sasa sikilizeni pahali penye fundo. Ile njia haipewi mtu mmoja mmoja. Inapewa shirika: unif, instituti ya juu, hospitali, kituo cha utafiti, ofisi ya Serikali. Shirika linajiandikisha, linapewa jina na kode. Na mtu anayepokea ile kode, anayeitunza na kuwafungulia wengine, kwa kawaida ni mtunza biblioteki. Kama yeye hajui kama iko, ama kode ilipotea, ama alipewa karatasi bila mtu wa kumuonyesha namna ya kuingia, basi wanafunzi wote na walimu wote wa ile nyumba wako inje. Hakuna aliyewafukuza. Mlango uko, ufunguo uko, na hawaingii.

Ndiyo maana kichwa cha maneno yetu leo ni swali: kode iko wapi?

Tunajua kijana wa leo atasema nini. Atasema: «Mimi niko na telefoni, biblioteki ya kazi gani?» Sawa. Tafuta kwenye telefoni yako habari juu ya malaria kwa mama mwenye mimba. Utapata kichwa cha makala na mistari michache ya ufupisho, na chini yake wanakuomba dola 30 ama zaidi. Ulishatumia mega zako, na makala hukuyaona. Mwenzako wa hospitali yenye kode anafungua ile ile makala bila kulipa. Ninyi wawili muko mji mmoja, mvua moja inawanyeshea. Tofauti yenu ni mtu mmoja ndani ya biblioteki mwenye kujua kazi yake.

Na kuko wengine wanasema: «Sasa iko ile akili ya mashini, unaiuliza na inakujibu yote.» Inajibu, ndiyo. Lakini mara na mara inakuandikia jina la kitabu ambacho hakuna mtu aliyekiandika, na jina la mwandishi aliye kweli juu ya makala ambayo hakuyafanya. Mwanafunzi anaweka ile katika memware yake, na siku ya kujitetea profesa anamuuliza: kitabu hiki ulikisoma wapi? Kazi ya kuhakikisha kama kitabu kiko kweli, nani alikiandika, mwaka gani, nani alikichapa, ni kazi ya zamani ya watunza biblioteki. Ile mashini mpya haikuwaondolea kazi. Imewaongezea.

Sasa tuseme juu ya hawa watu wenyewe. Vijana wengi wanawacheka. Wanasema: yule papa wa biblioteki anaogopa hata kugusa panya ya ordinatere. Tuache huo mzaha. Yule papa ameshika biblioteki wakati sisi hatujazaliwa. Unif ya Kisangani ilianza mwaka 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville, kwa jina la Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka 1971 Serikali ikachanganya vyuo vyote kuwa kimoja, UNAZA. Mwaka 1981 kila kimoja kikarudi kujitawala, na jina UNIKIS likabaki. Kisha ikaja vita. Mnamo tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu siku sita, na watu wengi wakafa. Kama leo tunakuta vitabu kwenye mbao za biblioteki za Boyoma, tujue kuko watu waliovitunza katika ile miaka yote, wengi wao kwa mshahara mdogo ama bila mshahara.

Na haiko kweli kwamba hawawezi kujifunza. Mtu anayejua kupanga vitabu kwa namba za Dewey, ule mpango wa tangu mwaka 1876, amebeba kichwani ramani ya elimu yote. Anajua kwamba kitabu cha magonjwa ya muhogo hakiwekwi pamoja na kitabu cha upishi wa pondu. Ile fishi ya karatasi anayoandika kwa mkono (mwandishi, kichwa, mwaka, namba ya mbao) ni jambo lile lile ordinatere inamuomba kuandika. Sisi tunajua kubofya haraka. Yeye anajua kutafuta. Tusidanganyane, hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Wengi wetu tunaweza kukaa saa tatu kwenye TikTok na tushindwe kupata makala moja ya kweli juu ya mto Tshopo.

Basi shida iko wapi? Shida ni namna vifaa vinavyoletwa. Mara nyingi tunaona hivi: mradi unakuja, masanduku ya ordinatere yanafika, wakubwa wanakata utepe, wanapiga picha, wanaenda. Mafunzo ni siku mbili katika hoteli, na anayetumwa ni mkubwa wa ofisi, si yule anayekaa mbele ya wasomaji kila siku. Baada ya miezi michache yule mkubwa anahamishwa, na kode inaenda naye ndani ya kitabu chake cha mfuko. Ukifika na kuuliza, unajibiwa: «Mutoto yangu, mashini iko, lakini mwenye kujua alienda.» Hatutaji nyumba hata moja hapa, maana hiki si kisa cha nyumba moja. Ni mazoea, na mazoea yanaweza kubadilishwa.

Tumejiuliza: mtunza biblioteki wa Kisangani ajifunze nini kwanza? Tunaleta mambo matano.

Jambo la kwanza ni ile kode yenyewe. Ajue kuandikisha shirika, kuingia, kutafuta, na kumfundisha msomaji. Ajue pia sheria zake: kode haitupwi katika kundi la WhatsApp la watu mia mbili, na hairuhusiwi kushusha majarida mazima mazima kwa mara moja. Wenye majarida wakiona vile wanaweza kufunga njia, na wote wanaumia juu ya mmoja. Tunawaambia vijana hasa: ile mali ni bure, lakini haiko ya kupora.

Jambo la pili ni katalogi ya ordinatere. Kuko programu za bure kabisa. Moja inaitwa Koha. Ilitengenezwa New Zealand kwa biblioteki za mji mdogo, ikaanza kazi Januari 2000. Nyingine ni PMB, ambayo ilianzishwa Ufaransa mwaka 2002 na mtunza biblioteki mmoja, François Lemarchand, wa mji mdogo wa Agneaux. Mushike hilo vizuri: mtu wa biblioteki ndogo aliona shida ya kazi yake, akaanza kutengeneza dawa mwenyewe, na leo PMB inatumika katika nchi nyingi zinazosema Kifaransa. Si lazima uwe Paris ama Marekani.

Jambo la tatu ni kutunza kazi zetu wenyewe. Kila mwaka wanafunzi wa mji huu wanaandika TFC na memware juu ya samaki wa mto, juu ya muhogo wa Lubunga, juu ya wakubwa wa toleka, juu ya magonjwa ya watoto wa Mangobo. Nakala moja inaingia kwenye mbao, panya na maji ya mvua vinaimaliza, na mwaka unaofuata mwingine anaandika kichwa kile kile kama vile hakuna aliyetangulia. Programu kama DSpace, iliyotoka mwaka 2002 na iliyo bure pia, inawezesha kuziweka zote kwenye intaneti, kwa ruhusa ya wenye kuziandika. Dunia ikitafuta habari za Tshopo, ipate jina la mtoto wa Tshopo.

Jambo hili linaenda mbali kuliko shule. Mnamo tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliamua kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na mfuko wa FRIVAO uliowekwa kwa kuwalipa wahanga uko na makao hapa hapa Kisangani. Fikirini familia ngapi ziko na karatasi za hospitali, picha, vyeti vya kifo vya mwaka 2000, na vinaoza ndani ya masanduku. Biblioteki yenye skaneri moja na mtu anayejua kupiga, kutaja na kupanga zile karatasi ingewasaidia kuliko hotuba nyingi. Mji usiotunza karatasi zake, wengine watakuja kuuelezea habari zake.

Jambo la nne ni kufanya kazi bila intaneti. Hapa tusiote ndoto. Kituo cha umeme cha Tshopo ni cha tangu wakati wa Wabelgiji, na kila mtu anajua kuran ya mji huu. Mega ni za bei. Na hatujasahau kwamba tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu wiki tatu. Kuko programu ya bure inaitwa Kiwix: unashusha Wikipedia nzima ya Kifaransa mara moja, unaiweka katika kadi ya memori ama ordinatere ndogo, na watu wanaisoma kwa wifi ya ndani ya chumba bila mega hata moja. Mbao moja ya jua na betri vinatosha kuitembeza. Mtunza biblioteki anayejua hilo, hata wakate intaneti, biblioteki yake haizimi.

Jambo la tano tumeshalisema: kujua kutofautisha ukweli na uongo wa mashini, na kuwafundisha wasomaji. Programu ya Zotero, ambayo ni bure tangu mwaka 2006, inasaidia kutunza orodha ya vitabu ulivyosoma kweli. Mwanafunzi akiizoea tangu mwaka wa kwanza, hatanunua memware ya mtu kwenye duka za fotokopi.

Munaweza kusema: haya ni ya Wazungu, hapa kwetu haiwezekani. Tuangalie karibu. Kule Yangambi, kilomita karibu mia moja kutoka hapa kwa kushuka mto, kuko herbaryumu yenye sampuli za mimea zaidi ya laki moja, kazi iliyoanza na INEAC tangu miaka ya 1930 na leo iko mikononi mwa INERA. Mafundi Wakongomani wamefundishwa kwa ushirikiano na bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji, na wakaanza kuzipiga picha zile sampuli moja moja ili zisomwe kwa ordinatere. Hakuna aliyetoka mwezini kuja kuifanya ile kazi. Ni watu wa mkoa huu, walifundishwa kwa subira, wakapewa muda, na wakaweza.

Kwa jirani, Makerere ya Uganda iko na shule ya watunza maktaba tangu mwaka 1963, mwaka ule ule unif yetu ilizaliwa. Dakar iko na shule yake, EBAD, inayofundisha watu wa nchi za Kifaransa tangu miaka ya 1960. Na AfLIA, umoja wa maktaba za Afrika wenye makao Accra, umefundisha watunza maktaba kwa njia ya intaneti namna ya kuandika Wikipedia, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Kwa hiyo walimu wako, na mafunzo mengine hayahitaji ndege ya kwenda Kinshasa. Simi-Simi inajulikana duniani juu ya uwanja wake wa ndege, pale askari wa Ubelgiji waliposhukia tarehe 24 Novemba 1964. Leo hatungojei mtu ashuke kutoka angani kutuokoa.

Basi sisi tunafanya nini?

Tumeamua hivi. Sisi wenye diploma bila kazi, tunaojua kidogo hizi mashini, tutatoa saa mbili kila Jumamosi kwa biblioteki yoyote itakayotufungulia mlango: ya unif, ya shule, ya parokia, ya hospitali. Tutakaa na mtunza biblioteki mmoja kwa mmoja. Yeye atashika panya ya ordinatere, siyo sisi. Hilo ni sheria, maana ukimfanyia kazi hatajifunza, atazoea kukungoja. Kila jambo tutakaloonyesha tutaliandika hatua kwa hatua kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kifaransa, na ile karatasi itabaki ukutani. Na yeye atatulipa kwa elimu: atatufundisha kutafuta, kupanga, kuhakikisha. Kila mmoja ataondoka na kitu.

Anayekuja kwa kuwacheka wazee, abaki nyumbani. Anayekuja kwa kupata picha ya Facebook, abaki nyumbani naye. Papa wa miaka sitini akiuliza swali moja mara tano, utajibu mara tano. Yeye pia aliwatafutia watu kitabu kile kile mara mia.

Lakini musikie vizuri na sehemu hii. Hatuendi kuwa wafanyakazi wa bure mahali pa wafanyakazi, wala hatuendi kuifichia Serikali deni lake. Ndani ya zile biblioteki kuko watu wanaofanya kazi miaka mingi bila kuandikwa kwenye orodha ya mishahara, wale wanaoitwa «nouvelles unités». Haiwezekani kumuomba mtu ajifunze teknolojia mpya na tumbo lake liko tupu. Kwa hiyo tunaomba mambo manne kwa wakubwa wa vyuo na wa mkoa, na tutayaomba tena hadi yajibiwe.

Moja: kila nyumba iwe na watu wasiopungua watatu wenye kujua kode na kuitumia, na kode iandikwe mahali pa kudumu, isiondoke na mtu.

Mbili: mafunzo yafanywe ndani ya saa za kazi, kwa wale wanaokaa na wasomaji, siyo kwa wakubwa peke yao.

Tatu: wafanyakazi wa biblioteki waandikwe na walipwe.

Nne: wanafunzi wanalipa minervali kila mwaka. Waambiwe wazi, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, ni franga ngapi zinaenda kwa biblioteki na kwa intaneti. Hatusemi mtu ameiba. Tunasema anayelipa yuko na haki ya kuona hesabu.

Wengine watasema hayo ni madogo. Mukumbuke ile RAM, kodi ya telefoni tuliyoanza kukatwa mwaka 2020. Ilikuwa makuta kidogo kidogo, na watu walisema hakuna kitu kitabadilika. Watu wakauliza, wakauliza tena, wakakataa kunyamaza, na mwaka 2022 ikafutwa. Swali linalorudiwa na watu wengi linachokesha mkubwa yeyote.

Kwa hiyo tunaomba kila mmoja wenu kazi moja ya wiki hii. Kesho ama kesho kutwa, ingia katika biblioteki ya chuo chako, ya hospitali yako, ya shule ya mdogo wako. Salimia kwa heshima. Kisha uliza: «Papa, mama, tuko na Research4Life hapa? Kode iko wapi? Nani anajua kuitumia?» Kama jibu ni ndiyo, omba akufundishe, na upeleke wenzako watano. Kama jibu ni hapana, usigombane naye. Andika jina la nyumba, utuletee, na tutaenda kumuona pamoja nawe.

Wana Boyoma, Singa Mwambe, mlango uko na ufunguo uko. Twende tukae karibu na mwenye kuushika.